Mgongo Hauna Macho

Mimi nina hasira, sikatai, hata mume wangu Kiema atakuambia. Lakini hebu nawe uketi kwenye gari siku nzima na mama yako mzazi na mume wako, watu wawili wasioruhusiwa kutazamana wala kusemeshana, kila neno lipitie kwako, halafu uniambie kama hutapandwa na mori.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamwangalii usoni, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wengi siku hizi wameilegeza. Si mama yangu, Mbula wa Matinyani. Mama aliokoka mwaka wa hamsini na nne, lakini alisema wokovu haukuja kumfundisha kukosa adabu. Miaka kumi na moja tangu Kiema anioe, mama alikuwa hajauona uso wake. Alichokijua ni kofia, na mgongo ukikimbilia kwenye mahindi.

Safari yenyewe ilikuwa Januari ya 1985. Jicho la kulia la mama lilikuwa limekufa zamani, na la kushoto lilianza kuingia ukungu. Daktari alituambia wazi kwamba hakuna cha kupasua hapo, na kwamba mwaka hautaisha kabla halijazima. Nilidhani mama atalia. Akafunga leso yake vizuri, akasema, "Basi nipelekeni nikaone Kiima Kyeu."

Kiima Kyeu ndilo jina la wazee wetu la Kilimanjaro, yaani mlima mweupe. Baba yangu, marehemu Ndululu, alikuwa kibarua wa barabara huko Kibwezi enzi za mkoloni. Kila akirudi nyumbani alimwambia mama kwamba ukipanda juu ya vilima vya kule, siku ikiwa safi, unauona mlima umejifunika shuka nyeupe. "Mwaka ujao nitakupeleka," alisema. Alisema hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka tukamzika mwaka wa sabini na moja. Mama alikuwa hajawahi kufika hata Mutomo. Sasa alitaka kitu kimoja tu, jicho lake lisizime kabla halijaona alichoahidiwa.

Kiema aliposikia, alisema tutaenda. Hapo nampa sifa zake. Yeye ni makanika katika gereji ya Mzee Karanja hapo Kitui mjini, na Karanja akamwazima Peugeot yake ya kizee kwa siku mbili. Akampa pia karatasi ya matangazo ya mbuga za milimani, yenye picha za rangi. Kituo cha kwanza kwenye karatasi kilikuwa chini ya kilima cha mawe upande wa Mutomo, na kivuli na kantini. Cha pili kilikuwa bustani ya chemchemi, kabla ya Kibwezi. Cha tatu ndicho chenyewe, kilimani, penye vibanda vya kulala wageni na mahali pa kusimama kutazama mlima.

Kiema alikaa na ile karatasi wiki nzima akipanga kama jenerali wa vita. "Hapa mama atakula kivulini na wewe, mimi nile kantini. Hapa mama atapumzika bustanini, mimi niangalie maji ya gari. Kule juu, nyinyi mlale kibanda namba moja, mimi namba nne. Hatutaonana hata kivuli." Alifurahi sana. Hakuna aliyefikiria kuuliza ile karatasi ilichapishwa lini.

Tuliondoka alfajiri. Mama aliketi nyuma, mimi mbele kando ya Kiema. Kabla ya kuwasha gari, Kiema alivua soksi yake moja akaivika kile kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, asije akamwona mama kwa bahati mbaya. Nikamwambia, "Kiema, utaendeshaje?"

"Yaliyo nyuma yamepita," akasema.

Karibu na Mutomo tukasimamishwa na polisi wa barabarani. Akazunguka gari, akachungulia ndani, akaiona soksi. "Kwa nini umefunika kioo?"

"Mama mkwe yuko nyuma, afande," Kiema akasema huku akitazama usukani.

Yule polisi alikuwa mtu wa kwetu. Alirudi hatua mbili, akavua kofia kwa upande wa mama bila kumwangalia, akatupungia mkono twende. Leseni hakuiuliza hata.

Kituo cha kwanza tulikipata kimefungwa. Kantini ilikuwa na kufuli mlangoni na mbao zilizopigiliwa misumari dirishani, na mbuzi walikuwa wamelala barazani. Mchungaji wao alituambia pamefungwa tangu ule ukame wa mwaka uliopita, maji yalipokauka. Mimi na mama tulikunywa chai yetu ya chupa chini ya mti. Kiema akasema hana haja, kikapu chake kimejaa. Nilimpikia kuku mzima na chapati sita, kwa sababu hali chungu kimoja na mama, na kikapu chake tulikifunga juu ya gari kwa kamba ya katani. Akasema atakula huko mbele, kwa raha zake.

Baada ya Ikutha nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka tulikuwa tumeshavuka mto Athi. Mama akaniambia kwa upole kabisa, "Mutindi, mwambie mume wako kikapu chake kilianguka."

"Kilianguka wapi?"

"Pale Ikutha. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikakiona kikibingirika kwenye vumbi."

Ngai! Ikutha tulikuwa tumeiacha zaidi ya saa moja nyuma. "Mama! Mbona hukusema?"

"Nilikuita mara tatu."

"Kwa sauti gani?"

"Sauti ya heshima," mama akasema. "Ulitaka nimpigie mkwe wangu kelele kisogoni?"

Nikamgeukia Kiema. "Na wewe, kama si hiyo soksi yako ungekiona!" Nikamwambia kwamba mama ana muthokoi kwenye sufuria, mahindi na maharagwe yaliyopikwa yakaiva, nimpakulie akale nyuma ya kichaka. Alikataa katakata. Ale chakula cha mama mkwe kichakani kama mwizi? Alisema kantini ya bustani iko karibu, na picha inaonyesha nyama.

Bustani ya chemchemi ilikuwa na geti la chuma na kufuli la ukubwa wa ngumi. Kibao kilisema pamefungwa kwa matengenezo, nacho kibao kilikuwa kimeshaanguka upande mmoja, kinahitaji matengenezo. Choo kilifungwa pia. Mama alienda vichakani, mimi nikisimama zamu, na Kiema akijifanya kuchunguza gurudumu la upande wa pili. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia Kiema anunue hata mandazi tukipita Kibwezi, akaniambia hawezi kujaza tumbo mandazi na hoteli inamsubiri kilimani. Njaa ilikuwa imemshika, lakini kiburi kilimshika zaidi.

Tukafika chini ya kilima saa nane mchana. Na hapo, kufuli la tatu.

Askari wa pale alikuwa mzee mmoja mwembamba anayeitwa Mulei, ameketi kwenye debe akichonga mwiko. Alitutazama kama watu waliotoka kwenye ndoto. "Vibanda vimefungwa mwaka wa pili huu," alisema. "Kantini imefungwa. Mvua ya Novemba ilikata barabara ya juu, kwa hivyo magari hayaruhusiwi."

"Na miguu?" nikauliza.

Akafikiri. "Miguu hakuna aliyeniambia chochote juu yake. Njia ya ngazi iko, mwendo wa saa moja na nusu. Ng'ombe hupita."

Nilitoa ile karatasi nikamtupia. Aliigeuza, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu aliye kwenye picha ni mimi," akasema, akionyesha kijana mmoja mwenye nywele nyingi sana. Mulei hakuwa na unywele hata mmoja.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshashuka kwenye gari, ameshika mlango, uso ameuelekeza juu, huko asikokuona vizuri. Goti lake moja lilikuwa bovu tangu zamani. Kwenda kisimani tu alipumzika mara mbili. Saa moja na nusu ya ngazi? Akasema, "Nitatambaa."

"Hutatambaa," nikasema. "Panda hapa." Nikainama, nikambeba. Nilipiga hatua kama ishirini hivi, nikapiga magoti, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi kama magunia. Mulei akajitolea, lakini kikohozi kilimshinda kabla hata hajainama, na mama akasema hawezi kubebwa na mwanamume asiyejua hata kwao ni wapi. Nikakaa chini, nikalia kwa hasira. Safari yote hiyo, vumbi lote hilo, na mlima uko nyuma ya kilima hiki tu! Mama akanipapasa kichwani akasema, "Nyamaza, mwanangu. Baba yako pia alijaribu."

Hilo neno ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nafikiri lilimuuma Kiema pia. Wakati wote huo alikuwa amesimama mbele ya gari, ametupa mgongo. Akasema, si kwetu, akaiambia boneti, "Mutindi, mwambie mama mgongo hauna macho."

Sikuelewa. Mama alielewa mara moja. Mulei akaacha kuchonga. Kugusana na mkwe ni jambo kubwa kuliko kuonana, na kila mmoja wetu pale alijua. Nilisubiri mama akasirike.

"Mwambie achutame," mama akasema.

Kiema akachutama, macho ameyakaza kilimani. Mama akamwendea kutoka nyuma, akapanda. Nikatoa leso yangu kubwa nikamfunga mgongoni mwa mume wangu kama mtoto mchanga, fundo kifuani, nikalikaza. Mulei alisimama akatugeuzia mgongo kwa adabu, akasema, "Mimi sikuona kitu. Nachonga mwiko."

Tukaanza kupanda. Kiema mbele na mzigo wake, mimi nyuma na kiondo chenye sufuria ya muthokoi. Sasa sikiliza ujinga. Mdomo wa mama uko kwenye sikio la Kiema, hata pumzi yake anaisikia, lakini mama anapaza sauti kuniita mimi. "Mutindi, mwambie mume wako kuna jiwe upande wa kushoto."

"Kiema, jiwe kushoto!"

"Mwambie mama nimeliona."

"Mama, ameliona!"

"Mwambie asiharakishe, hatufukuzwi."

"Mama, mimi nitakufa hapa!" nikapiga kelele. "Mnasikiana! Msinimalize!" Lakini wapi. Nilipanda kile kilima nikihema na kutangaza kama redio.

Kiema hakuwa na kitu tumboni tangu usiku uliotangulia. Niliona jasho likimshuka shingoni mpaka kwenye leso. Hakupumzika. Nikaanza kubaki nyuma, hatua kumi, kisha thelathini. Walipita kona wakanipotea kidogo, na hapo ndipo niliposikia sauti ya mama, si ile ya heshima, sauti ya kufukuza fisi zizini.

"Kiema! Simama!"

Nilikimbia. Nilipofika, Kiema alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko hewani. Mbele yake ngazi ilikuwa imekatwa na maji, shimo refu kuliko mtu, limefunikwa na majani. Yeye jasho lilikuwa limemwingia machoni. Aliyeliona ni mama, kwa lile jicho moja la ukungu.

Kiema akaushusha mguu polepole nyuma. Miaka kumi na moja, na leo ndipo alipoitwa jina lake na mama mkwe wake.

"Naam, mama," akajibu.

Hata mimi nikaacha kutangaza, ujue ni jambo zito. Kisha mama akasema, "Pitia kulia. Shika ule mti." Akamwambia yeye mwenyewe. Kiema akapitia kulia, akashika mti. Kuanzia hapo hakuna aliyenihitaji, na nilipanda nimefunga mdomo, machozi yananitoka, na siyo ya hasira.

Juu tulifika saa kumi. Hebu cheka na wewe: kulikuwa na kantini ya pili huko, nayo ina kufuli. Benchi la kukalia wageni lilibaki miguu tu. Na upande wa mlima, wingu. Wingu zito jeupe kutoka chini mpaka mbinguni.

Nilimfungua mama, tukamketisha juu ya jiwe. Kiema akaenda kukaa mbali kidogo, ametupa mgongo kama kawaida. Tukasubiri. Saa kumi na moja ikapita. Nikasema, "Mama, jua linaenda, tushuke." Mama alikuwa anaomba, midomo ikisogea, jicho wazi.

Saa kumi na mbili kasoro, upepo ukaja kutoka nyuma yetu. Wingu likaanza kusogea, si chini bali juu kabisa, mahali ambapo sikuwa hata natazama. Nilikuwa naangalia chini sana. Mlima ulikuwa juu ya nilipotafuta. Bega lake kwanza, kisha kichwa chote, na theluji yake inang'aa kwa jua la jioni.

"Mama! Juu! Tazama juu!"

Mama alikuwa ameshauona. Alisimama wima, goti bovu na yote, akapiga kigelegele ambacho nina hakika Mulei alikisikia kwenye debe lake. "Ndululu!" akaita. "Ndululu, nimeuona! Hukunidanganya! Umevaa shuka, kama ulivyosema!" Akacheza. Mama yangu, mlokole wa miaka thelathini, akacheza mabega juu ya kile kilima kama msichana, nami nikacheza naye, tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Kufuli nne, pamoja na lile la choo, zote tulizishinda.

Aliutazama mpaka akatosheka. Kisha akaketi, akaniambia nipakue. Nikatoa sufuria na vijiko. Mama akachukua kifuniko, akakijaza muthokoi mpaka ukamwagika, akanipa.

"Mutindi, mwambie mume wako..." Akakwama hapo. Akanipokonya kile kifuniko. "Kiema. Njoo ule."

Kiema alikuja kinyumenyume, nyayo baada ya nyayo, mpaka nikaogopa ataanguka kilimani. Akanyoosha mkono nyuma kupokea. Mama hakumpa.

"Geuka," akasema.

"Mama..."

"Geuka, mwanangu. Leo nimeutazama Kiima Kyeu. Uso wako ndio utanishinda?"

Kiema akageuka. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane, na midomo ilikuwa inamcheza. Mama akamtazama muda mrefu, kutoka kwenye nywele mpaka kidevuni, kama mtu anayesoma barua. "Kumbe una pengo," akasema. "Na ni mzuri! Miaka yote hii nilidhani nimempa mtoto wangu mtu wa sura mbaya, maana alijificha sana."

Kiema alicheka, pengo lake lote nje, akapokea kwa mikono miwili. Alikula mbele ya mama mkwe wake vifuniko vinne, na mama alimhesabia kila kijiko kwa furaha.

Tuliposhuka, Mulei alitungojea njiani na tochi, na ule mwiko wake umekwisha. Akampa mama. Kwenye gari, kabla ya kuwasha, Kiema aliivua ile soksi kwenye kioo, akaivaa mguuni mahali pake. Tulikuwa twende kulala Kibwezi kwa Wariara, dadake Karanja. Hatujafika hata barabara kubwa mama akapiga kelele kutoka nyuma, "Kiema! Kikapu!"

Kiema akakanyaga breki, nikajigonga kichwa, akaruka nje kutazama. Kikapu kipi? Kilibaki Ikutha tangu asubuhi. Mama alikuwa amelala upande mmoja kwenye kiti, anacheka mpaka leso imemfunguka.

Jicho lilizima mwezi wa Oktoba, kabla mwaka haujaisha, kama alivyosema daktari. Wanawake wa kanisa walikuja Matinyani kumfariji, wakaketi barazani, wengine wakaanza kulia. Mama akawanyamazisha kwa ule mwiko wa Mulei, akaupiga kwenye sufuria.

"Mnalilia nini? Jicho hilo nilimaliza kazi nalo," akasema. Kisha akaniuliza kama Kiema ameshakula.